Risasi Isiyo na Mlio

Karatasi ya maabara ilikunjwa mara mbili,
kama barua ya kuombea mkopo.
Muuguzi Anyisile akaifungua, akasema:
"Damu ya mtoto ina risasi."

Mke wangu akamvuta Sihaba,
akampapasa mgongo, akampekua kwapani,
akitafuta tundu.
"Nani kampiga? Lini?
Mbona hatukusikia mlio?"

Hakucheka mtu.
Kwenye benchi la nyuma mama mmoja
akaacha kunyonyesha.

Anyisile akaanza kuuliza, huku akiandika.
Mnakaa wapi? Keko, nyuma ya mafundi vitanda.
Mlango wenu una rangi? Ya kijani, inabanduka.
Betri za gari? Hakuna.
Nani anavuta sigara nyumbani?

Peni ikasimama hewani.
Mke wangu akaitazama feni.
Sihaba, miaka sita, ndiye aliyejibu:
"Baba. Lakini anavutia dirishani."

Dirishani.
Kweli, nilikuwa na adabu zangu.
Nilinunua mbili kwa Mangi, moja ya njiani, moja ya usiku,
nikapitisha mkono kwenye nondo,
moshi nikaupuliza kuelekea Chang'ombe
kana kwamba una nauli na kituo cha kushukia.
Mbu wakizidi, nafunga dirisha.
Mbu walizidi kila siku.

Chumba kimoja, pazia katikati,
na chandarua cha bluu tulichopewa kliniki:
mbu hapiti.
Moshi ulipita, ukalala na mwanangu
mpaka alfajiri, kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilidhani ni harufu tu.
Yeye aliijua kuwa ndiyo mimi.
Shati langu la kazini alikuwa akilikumbatia,
anasema, "Linanukia Baba."

Mwalimu wake aliniita, mwezi wa tatu.
"Herufi aliyoijua Jumatatu,
Alhamisi anaiona mgeni."
Nilimjibu vibaya.
Nikasema darasa lina watoto mia na kumi,
hata mimi ningepotea humo.
Njiani nikawasha moja, ya hasira.

Anyisile hakunihukumu. Ingekuwa nafuu.
Alitaja majivu, vumbi, vidole vinavyoingia kinywani.
Tumbaku nayo ina risasi yake, akasema, kidogo,
na kidogo cha mtu mzima
si kidogo cha mtoto.
Huenda si moshi peke yake.
Huenda si mlango peke yake.

Nilitaka uwe mlango.
Mlango ni wa mwenye nyumba.

Sasa navutia ng'ambo ya mtaro, penye magogo ya mninga.
Naosha mikono kwa sabuni ya kipande,
nabadili shati barazani, kifua wazi,
majirani wakinitazama kama mume aliyefukuzwa.
Kutoka mbili nimefika moja.
Sijaacha. Nisidanganye hapa pia.
Mwenye nyumba kaahidi mlango mpya mwezi ujao;
huu ni mwezi ujao wa nne.

Jana usiku Sihaba aliniegemea begani,
akanusa, akanusa tena,
akainua uso kunikagua:
"Mbona hunukii?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtoto.
Akaondoka, akarudi na kalamu na wembe.
"Baba, nichongee risasi."

Ile ya kalamu si risasi, Anyisile alinieleza,
limebaki jina tu.
Na ile yenyewe haiandiki kitu,
kazi yake kufuta.

Nilichonga taratibu chini ya taa,
mabaki yakiangukia kiganjani mwangu,
nikiogopa
hata vumbi la neno.